Kabla ya Kulipia Chumba Unguja, Utazame Mwezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia kwamba anaoa mara tu baada ya Ramadhani, na kwamba anataka kumpeleka bibi harusi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa fungate ya siku tatu, kuanzia Idi pili. Swali lake lilikuwa kama akiba yake itatosha. Nilimjibu kuwa fedha zisimsumbue kwanza, zimsumbue tarehe. Hakunielewa, nami sikumlaumu, kwa kuwa tarehe hizo hizo ziliwahi kuniaibisha mbele ya wakwe zangu.

Nilikuwa nimejinyima karibu mwaka mzima. Watoto walikuwa hawajawahi kuvuka kwenda Unguja, na shemeji yangu, ambaye hakosi la kusema, alikuwa amerudi kutoka Kendwa na simu iliyojaa picha za maji ya buluu. Nikaazimia kwamba safari yetu itaizidi yake. Nikachagua nyumba ya wageni pwani ya mashariki kwa kutazama picha moja tu, ambamo bahari ilikuwa imefika kwenye ngazi za baraza. Safari yenyewe haina la kusimulia: boti ya asubuhi, saa mbili hivi majini, papasi, wale madalali wa wageni bandarini, tuliowapita kwa salamu, kisha gari la kukodi.

Kesho yake, siku ya Idi pili, watoto walikuwa tayari wamevaa nguo za kuogelea ilipotimu saa nne asubuhi. Tulipotoka barazani, bahari haikuwepo. Kilichokuwepo ni mchanga na matope meupe yaliyoenea hadi macho yanapochoka, majani ya baharini, ngalawa zilizolala ubavu, na huko mbali kwenye mwamba mstari mweupe wa mawimbi ambayo tuliyasikia zaidi kuliko kuyaona. Mdogo akaniuliza, "Baba, bahari imeenda wapi?" Nikamwambia inarudi sasa hivi. Saa sita ilikuwa bado. Ilirudi alasiri, na saa kumi na moja ikawa imejaa kama kwenye picha, lakini watoto walikuwa wameshaunguzwa na jua na mmoja amechomwa na miiba mieusi ya wale wadudu wa baharini. Nilimwendea mwenye nyumba kudai punguzo. Alinitazama kama mtu anayedai kurudishiwa nauli kwa sababu jua limekuchwa.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitoka majini na gunia la mwani kichwani. Mke wangu alimwamkia, naye akaitikia marahaba, akatutazama tulivyokaa na mataulo yetu makavu, akasema, "Mmekuja na bamvua nyie, wanangu. Hamkuutazama mwezi?"

Mimi niliyekulia Kigamboni, niliyevuka kwa pantoni maisha yangu yote, sikuwa na la kujibu.

Jambo lenyewe ni hili. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu siku hizo hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Sasa hesabu mwenyewe: Idi ndogo ni mwezi mosi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, yaani mwezi umeandama jana yake. Kila mwaka, bila kukosa, sisi watu wa Dar tunaofunga safari siku hizo tunaikuta bamvua. Idi kubwa, ya mwezi kumi Mfungo Tatu (Dhulhija), huangukia karibu na maji mafu, na maji hujaa mnamo adhuhuri. Nilirudi na familia Idi kubwa, pwani ile ile, na watoto waliogelea asubuhi hadi vidole vikajikunja. Picha nilimtumia shemeji. Hajazijibu hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuutazama mwezi kabla ya kulipia. Kama tarehe haisogei, sogeza mahali: Kendwa na sehemu kubwa ya Nungwi, kule kaskazini, ufuo huteremka haraka na unaweza kuogelea karibu saa zote, ilhali Paje, Bwejuu na Jambiani maji hukaa ndani ya mwamba na kukauka mbali. Beba viatu vya plastiki vya kuingilia majini. Beba kitambulisho, kwani utakihitaji kwa tiketi ya boti. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hutikisa boti, basi kaa nyuma, ghorofa ya chini. Mjini jistiri, hata kama ufukweni hakuna anayekuuliza. Kisha utazame mwezi. Najua narudia, lakini watu wazima wenye akili zao wanaendelea kununua safari kwa picha iliyopigwa katika saa moja tu ya jioni fulani, kisha wanarudi kuitukana Unguja kana kwamba bahari iliwapa ahadi.

Kijana wa Mbagala amenijibu kwamba ukumbi umeshalipiwa na kadi zimeshachapwa, kwa hiyo harusi haisogei. Nimemwambia alale Kendwa, na asubuhi moja akodi gari mapema, afike Jambiani na mkewe kabla ya saa nne, wavae viatu na kutembea juu ya sakafu ya bahari hadi kwenye mashamba ya mwani, ambayo akina mama wa huko wameyalima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na huyahudumia zaidi siku za bamvua, kwa kuwa ndipo maji yanapowapisha. Wasipige picha ya mtu kabla ya kuomba. Na waamkie kwanza.