Swali la lugha: "Filamu zilizojikusanya"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwenye maelezo ya wanafunzi nimeandika "filamu nyembamba za polima zilizojikusanya kwa kunyunyizwa". Mwenzangu anasema haieleweki. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwalimu, kosa kubwa limejificha kwenye zi-. Filamu na polima zote zimo katika ngeli ya I-/ZI-, hivyo msomaji hajui zipi "zilizojikusanya".

Kemia inajibu: ni polima, yaani molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia. Katika mbinu aliyoianzisha mwanakemia Gero Decher mwanzoni mwa miaka ya 1990, kipande, tuseme cha kioo, huchovywa kwenye maji yenye polima za chaji chanya, husuuzwa, kisha huchovywa kwenye maji yenye polima za chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, tabaka likakaa juu ya tabaka. Mwaka 2000 mwanakemia Joseph Schlenoff na wenzake walionyesha kwamba polima hizo zinaweza kupulizwa juu ya kipande badala ya kukichovya, na kazi ikaenda kasi zaidi.

Sasa weka utando mahali pa filamu, ambayo kwa wengi ni sinema. Utando una u-, polima zina zi-, utata umekwisha. Ila ubaki kwenye umoja, maana wingi wake, tando, unakurudisha kwenye zi- ile ile. Nalipenda sana neno hili: limetoka kwenye kutanda, na kila aliyechemsha maziwa ameuona utando wake.

Kujikusanya hakufai. Watu hujikusanya uwanjani bila safu. Hapa kuna mpangilio, kwa hiyo sema kujipanga. Wapo wanaopendelea kujiunda, lakini molekuli hizi zimeshaundwa tayari, zinachofanya ni kushika nafasi zao.

Kunyunyiza si kosa, ila hata chumvi hunyunyizwa, tena kwa vidole. Kinachosukumwa na hewa kupitia tundu dogo hupulizwa, kama fundi wa magari anavyopuliza rangi.

Ningeandika: "utando mwembamba wa polima zinazojipanga zenyewe, uliotengenezwa kwa kupuliza". Usiliondoe zenyewe ukidhani -ji- inatosha. Hiyo -ji- inasema kinachopangwa ni polima hizo hizo. Zenyewe inasema hakuna mkono unaozipanga.