Vifungashio vya mabaki ya ndizi: anza na viriba vya miche

Mkuu, umeuliza kama maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni yanaweza kukupa vifungashio vya kuuza, na uanze na bidhaa gani. Jibu langu: anza na viriba, yaani vyombo vya kuoteshea miche. Kazi hii naifanya Dar, malighafi natoa Mabibo, pale sokoni panapoitwa Mahakama ya Ndizi.

Zile video za kuchemsha maganda na siki na glisirini mpaka yatoke kama nailoni, kwa biashara achana nazo. Ganda la ndizi mbivu, wanga wake mwingi umeshageuka sukari. Ukilisaga unapata uji wa kunata unaoita nzi. Ganda bichi lina wanga wa kutosha, ila utando wake ukiguswa na maji unalegea, na glisirini unanunua.

Nguvu iko kwenye nyuzi. Chane zikishakatwa, vikonyo vya mikungu vinabaki malundo, na anayefagia soko atafurahi ukiviondoa. Katakata vipande vya urefu wa kidole, chemsha na maji ya magadi, au maji ya majivu. Majivu ya maganda ya ndizi yana potashi nyingi. Usitegemee saa. Toa kipande, kipoe, kivute kwa vidole: nyuzi zikiachana zenyewe, epua. Ukilazimika kuzing'oa, rudisha jikoni. Halafu suuza, na suuza tena, mpaka maji yasiteleze mkononi, maana magadi yakibaki yanaunguza mizizi. Twanga kinuni, changanya na uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Kwa umbo natumia makopo mawili: la nje nimelitoboa matundu, la ndani ni dogo kidogo, linakandamiza maji yatoke. Anika.

Kwa nini viriba? Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wanaoingia huku wanakimbilia vyombo vya chipsi na trei za mayai. Chombo cha chakula kinatakiwa kistahimili mafuta na mvuke, na lazima upite TBS, shirika la viwango. Trei za karatasi chakavu ni za bei ndogo, hutashindana nazo. Kiriba cha nailoni, mkulima anakichana na kukitupa pale pale shambani; chako kinaingia shimoni na mche wake. Papai na tikiti hazipendi kabisa kuguswa mizizi, na wanaozipanda ndio wateja wako. Miche ya maembe inakaa kitaluni miezi mingi, kiriba kitaoza kabla ya wakati, kwa hiyo mwambie mteja ukweli huo mapema.

Ukiona majani yanaingia unjano, usidhani ni ugonjwa tu. Vijidudu vinavyoozesha nyuzi vinachukua naitrojeni ya udongo. Mwagilia maji ya samadi mapema, usisubiri dalili.

Masika ndiyo kipindi kigumu. Vitu havikauki, ukungu unaingia ndani kabisa na kiriba kinabomoka ukikishika. Tengeneza cha kutosha kiangazi, hifadhi juu ya chaga, mbali na sakafu.

Mashine ya kusaga iache kwanza, hata SIDO, shirika la viwanda vidogo, utakwenda baadaye. Mpe mwenye kitalu cha papai viriba vichache bure, asubiri mpaka mizizi itokeze ubavuni bila kiriba kupasuka. Hapo mzungumze bei.