Madirisha yana wavu, mbu wanaingilia wapi?

SWALI: Jambo fundi. Nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, haina dari. Nimelipa kuwekewa mustikere (wavu wa kuzuia mbu) kwenye madirisha yote, lakini usiku mbu bado wanatuamsha. Na mvua za kwanza zikishuka, inswa (kumbikumbi) wanajaa sebuleni. Muuzaji ananiambia nibadilishe wavu, nichukue wenye matundu madogo zaidi. Je, ni kweli? (Mama wa watoto wanne)

JIBU: Jambo mama. Usitoe hiyo pesa kwanza. Wavu wa kawaida, wenye nyuzi 16 kwa 18 katika kila inchi, una tundu la kama milimita 1.2, na mbu hapenyi hapo. Wenye matundu madogo zaidi utazuia visubi, sawa, lakini utazuia na hewa. Nyumba ya mabati isiyo na dari, katika joto la mwezi wa kumi, utaikimbia mwenyewe.

Mbu wako wanapita juu. Anofelesi, yule wa malaria, akifuata harufu ya watu waliolala na kugonga ukuta, hupanda nao mpaka akutane na uwazi kati ya ukuta na mabati. Hapo hahitaji dirisha. Kule Gambia watafiti walilijaribu jambo hili, na matokeo yakatoka mwaka 2009: nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa juu, mbu wa ndani walipungua kwa asilimia 59. Nyumba nyingine ziliwekewa dari ya wavu tu, basi, na mbu wakapungua kwa asilimia 47. Mimi hesabu hiyo inanitosha kujua kazi ianzie wapi.

Sasa, mafundi wengine watakuambia uzibe uwazi huo kwa saruji. Kwako nisingefanya hivyo, maana moshi na joto la mchana vinatokea hapo hapo. Kata wavu vipande virefu, upande mmoja upigiliwe kwenye mbao za paa, mwingine kwenye ukuta, na juu ya kila ukingo pita ubao mwembamba wenye misumari ya karibu karibu. Misumari peke yake bila ubao, wavu utachanika kabla ya mwaka. Kama una panya, nunua wa alumini. Wa plastiki wanautafuna. Ukiwa na uwezo, ongeza na dari ya wavu juu ya vyumba vya kulala, nayo ni nyepesi.

Kabla ya kununua chochote, funga milango na madirisha mchana, zima taa, simama katikati ya chumba uangalie juu. Kila mahali unapoona mwanga, weka alama ya chaki. Rudia usiku, mtoto mkubwa akizunguka nje na tochi. Utashangaa.

Angalia pia madirisha yenyewe. Vioo vyetu vingi hufungukia nje, kwa hiyo wavu unakaa ndani, na fundi hukata tundu ili mkono ufikie komeo. Tundu hilo la mkono ndilo mlango wa mbu! Dai fremu yenye bawaba, inayofunguka yote.

Mlango wa wavu ufungukie nje na uwe na springi ya kuurudisha, kwa sababu watoto wanne hawatakumbuka kuufunga. Fremu iwe ya mulombwa (mninga) uliokauka kweli. Mbao mbichi hujikunja wakati wa kiangazi, na chini inabaki nafasi ya kidole. Piga kipande cha mpira wa tairi pale chini.

Inswa ni habari nyingine. Wanafuata taa, na wanaruka kwa muda mfupi baada ya mvua. Zima taa za ndani, acha moja nje, mbali na mlango, na beseni la maji chini yake. Jirani zako watakuuliza kwa nini unafukuza mboga, kaanga, usitupe. Siku nyingine, balbu ya mwanga wa manjano huita wadudu wachache kuliko ile nyeupe ya kibuluu.

Bomba la hewa la shimo la choo nalo lifunikwe wavu juu, maana mbu wa aina nyingine, kuleksi, huzaliana katika maji machafu na kutokea humo.

Na tafadhali, mama, msiwashe mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ndani usiku kwa kutafuta moshi wa kufukuza mbu. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Chandarua cha kitandani kibaki palepale hata kazi hii ikiisha.