Maswali na majibu: akili bandia na moshi wa mitambo ya umeme

*Mwalimu, nimefundisha mtandao wa neva (programu ya akili bandia inayojifunza kwa mifano) kwa data za wazi za turbini ya gesi ya Uturuki. Unakisia oksidi za nitrojeni karibu bila kosa. Niandike TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo? (Mwanafunzi, Bukavu)*

Bado, mdogo wangu. Swali hili mnaniletea kila mara, na kosa ni lilelile. Data hizo ni vipimo vya kila saa, 36,733 kwa jumla, vya 2011 hadi 2015. Ulizichanganya kama karata kabla ya kuzigawa, sivyo? Basi saa ya nne umeifundishia, saa ya tano umeifanyia mtihani, na hali ya mtambo karibu haikubadilika. Mtandao umenakili kwa jirani. Fundisha kwa miaka ya mwanzo, jaribu kwa ya mwisho, kisha linganisha na hesabu rahisi ya mstari ulionyooka. Na monoksidi ya kaboni umeiacha wapi? Moto ukiwa mkali hiyo hupungua, lakini kuanzia nyuzi 1,500 za Selsiasi hivi nitrojeni ya hewa huungana na oksijeni kwa kasi. Anayekisia gesi moja na kunyamazia nyingine amesema nusu ya habari.

*Programu inaweza kushika nafasi ya kipimo cha kwenye bomba la moshi? (Fundi, Goma)*

Ndiyo, kwa sharti. Marekani ina vigezo vyake tangu 2009, na vinadai programu ihakikiwe kwa kipimo halisi. Asiyepima hana cha kuifundishia.

*Kupiga picha moshi wa jenereta kunatosha?*

Hapana! Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Nawasihi, msiwashe jenereta ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Inaua watu usingizini.

*Umeme wetu ni wa maji ya Ruzizi. Haya yanatuhusu nini? (Mama mfanyabiashara, Bukavu)*

Umeme ukikatika, mama, nani asiyewasha jenereta ya mazutu (dizeli)? Bomba la jenereta la hoteli hutazama dirisha la jirani.

*Mtandao wa neva utatenganisha moshi wa volkano ya Nyiragongo na ule wa mtambo wa KivuWatt? (Goma)*

KivuWatt, huko Karongi, Rwanda, huchoma methani ya ziwa kuzalisha megawati 26. Volkano hutoa dioksidi ya salfa kwa wingi. Injini za gesi hutoa zaidi oksidi za nitrojeni, monoksidi ya kaboni na methani isiyoungua. Kutenganisha kunawezekana mkipima gesi kadhaa pamoja na upepo, mahali palepale, misimu yote. Anayewauzia programu bila vihisi anawauzia kubahatisha. Msimlipe.