Hadithi nyepesi au ya mafumbo? Niliyoyaona kwenye banda la video Lindi

Mkuu, umeuliza filamu ipi bora, yenye hadithi nyepesi au inayozungusha kichwa, kisha ukasema unaandika filamu fupi ya mkulima wa korosho inayoanzia mwisho kurudi mwanzo. Mimi si msomi wa sinema. Nilikuwa na banda la video Lindi mjini, kiingilio shilingi 200, mabenchi sita na jenereta ya kuazima, mpaka simu janja zikatumaliza.

Msimu mmoja wa korosho, banda limejaa, nikaweka Memento ya Christopher Nolan, ile ya mwaka 2000. Matukio ya rangi yanakwenda kinyumenyume, ya nyeusi na nyeupe yanakwenda mbele, mwishoni yanakutana. Hata nusu saa haijafika, mzee mmoja muuza samaki akasimama: "Kijana, CD yako imekwaruza, inaruka." Kueleza nikaeleza, wapi! Watu wakadai mia mbili zao. Nikaweka picha ya ngumi, yakaisha.

Miaka mingi nilijiambia wateja wangu wanapenda mteremko tu. Siku nilipoirudia peke yangu nikaona nilikosea. Steringi wa picha ile hawezi kutunza kumbukumbu mpya, amejichora maandishi mwilini ili asisahau. Mpangilio umepinduliwa ili na wewe usijue umetoka wapi, kama yeye. Ule ugumu una kazi. Ila bandani mtu anaingia katikati, anatoka kununua kahawa, anarudi anauliza "huyu nani tena?" Kwa picha ile, ukishatoka umeachwa.

Sasa sikiliza hii. Siku ya mvua, watu wanane tu, nikaweka CD aliyoniachia mgeni mmoja: Bicycle Thieves, ya Kitaliano, ya mwaka 1948. Haikutafsiriwa, wala rangi haina. Baba amepata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Mke anaweka rehani mashuka ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibwa, baba na mwanawe wanaisaka Roma nzima. Basi. Hakuna aliyetoka. Lindi nani asiyejua baiskeli ni nini kwa mtu? Mwishoni baba anashindwa, anaiba ya mwenzake, anakamatwa mtoto akiona. Yule yule mzee wa CD akapaza sauti: "Mwacheni bwana, ana mtoto!" Na kweli, mwenye baiskeli akamwachia. Wakabishana kama yule ni mwizi au si mwizi mpaka adhana ya Isha.

(Msinielewe vibaya. Zile Bongo Movie za Part 1 na Part 2, gari linaingia getini dakika tatu, huo si wepesi. Ni kujaza muda.)

Kwa hiyo mkuu, kwa nini unaanzia mwisho? Mkulima wako amepeleka korosho chama cha msingi, zimeingia ghalani, mnada umepita, anasubiri hela benki. Kule kusubiri ndiko kwenye hadithi. Ukitangulia kutuonyesha kama alilipwa au hakulipwa, tutasubiri nini naye? Kama una sababu nyingine ya kupindua, itaje hapa tuipime.

Yule mzee bado yupo, anauza samaki. Ukimaliza nitumie, nitampelekea aitazame kwenye simu yangu.