Mashine ya kunyolea ya zamani: milango haifungi sawa, niifungue yote?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimerithi mashine mbili za kunyolea za Gillette, zile za wembe wenye makali pande mbili. Moja ni ya vipande vitatu: kifuniko, bamba la chini lenye meno, na mpini. Niliitenganisha nikaisafisha, lakini sasa nikiifunga wembe unabaki bapa na unachezacheza. Ya pili ukizungusha kitako cha mpini, milango miwili ya juu inafunguka. Chini ya kichwa imepigwa chapa Z3. Kitako chake ni kigumu, milango haifungi sawa, na upande mmoja wembe umechomoza kuliko mwingine. Nimeshaandaa koleo na bisibisi niifungue yote, kisha niichemshe kwenye siki. Niko sahihi?

Jibu: Koleo lirudi kwenye sanduku, na siki irudi jikoni.

Nianze na ile ya vipande vitatu, maana tatizo lake ni dogo. Umelipindua bamba la chini. Tazama kifuniko kwa ndani: kimebonyea. Tazama bamba: upande mmoja una mgongo uliotuna. Mgongo huo ndio unaoingia kwenye mbonyeo wa kifuniko, na wembe ukiwa katikati yao unalazimika kupinda. Unene wa wembe ni kama milimita 0.1 tu, kwa hiyo usipopindwa na kubanwa utatetema usoni na kukukata. Laza kifuniko kichwa chini mezani, panga wembe kwenye vijiti vyake, weka bamba mgongo ukielekea kwenye wembe, kisha funga mpini. Wakati wa kukaza, shika wembe kwenye ncha zake fupi zisizo na makali ili ukae katikati. Nguvu ya vidole inatosha. Mipini ya aina hii mingi ni bomba jembamba, na anayekaza kwa nguvu huipasua pale juu, kwenye hesi, yaani ile mizunguko kama ya skrubu. Ichunguze yako kwenye mwanga kama ina ufa mwembamba unaoshuka kwa urefu.

Sasa ya milango. Kuanzia 1951 Gillette ya Marekani ilipiga herufi kwa mwaka na tarakimu kwa robo ya mwaka: W ni 1951, X 1952, Y 1953, Z 1954. Yako basi ni ya kati ya Julai na Septemba 1954, na kwa maelezo yako ni ya ukoo wa Super Speed ulioingia sokoni 1947. Ndani ya mpini kuna fimbo. Ukizungusha kitako, hesi huisukuma juu na milango ikafunguka, au huivuta chini na milango ikajifunga juu ya wembe. Nusu ya mwisho ya mzunguko ndiyo inayobana. Sehemu hizo zimeunganishwa kiwandani kwa pini na kwa kugongewa, wala hakuna skrubu ya kufungua. Ukiingiza bisibisi utapindisha milango, na mlango uliopinda ni kazi kubwa kuliko uchafu wowote.

Na ninavyoona mimi, unachopambana nacho ni uchafu. Sabuni iliyokauka kwa miongo saba na chokaa ya maji hujazana kwenye bawaba na chini ya milango, zikaizuia kukaa mahali pake. Toa wembe. Loweka mashine kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kwa nusu saa au zaidi. Isugue kwa mswaki laini huku ukifungua na kufunga milango, na ubadilishe maji kila yanapochafuka. Kwenye pembe tumia kijiti cha meno cha mbao. Rudia mpaka maji yabaki meupe. Kazi hii inachosha, lakini hapa ndipo mashine nyingi zinapopona.

Kuchemsha sishauri. Chuma chake si chuma: ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, iliyopakwa nikeli nyembamba. Siki huyeyusha chokaa vizuri, ila ikipata mahali nikeli ilipochubuka hushambulia brasi iliyo chini. Ikiwa chokaa imegoma kabisa, changanya siki na maji sawa kwa sawa, ipake hapo tu kwa dakika mbili tatu, kisha suuza sana. Amonia usiiguse, kwa sababu huipasua brasi iliyo kwenye mkazo. Dawa zenye klorini nazo ziache, pamoja na steelwool, ile sufu ya chuma ya kusugulia. Na kama siku moja utapata mashine ya rangi ya dhahabu, hata dawa ya kung'arisha usiitumie: tabaka la dhahabu ni jembamba mno na linaondoka na kitambaa.

Ikikauka kabisa, dondoshea tone la mafuta ya cherehani pale kitako kinapokutana na mpini, na jingine kwenye bawaba za milango. Isimamishe kichwa chini usiku kucha ili mafuta yashuke kwenye hesi. Kesho yake zungusha kitako taratibu, mbele na nyuma. Kikikwama, ongeza mafuta na muda. Usiongeze nguvu.

Ndipo uweke wembe mpya na kuukagua upya. Funga milango kabisa, shika mashine ukiielekeza kwenye mwanga, na utazame kutoka ubavuni nafasi iliyo kati ya makali na kingo za chini. Ukiona upande mmoja umechomoza, toa wembe, ugeuze ili upande wa kushoto uwe wa kulia, urudishe na ufunge tena. Kasoro ikihama pamoja na wembe, basi wembe ndio mbovu, tupa. Ikibaki palepale, mashine ndiyo yenye hitilafu: ama uchafu umebaki chini ya mlango ule, ama mlango umepinda kwa kuangushwa. Mlango uliopinda kidogo unaweza kurudishwa kwa kusukuma na kijiti cha mbao, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Brasi ikipindwa huku na huku huwa ngumu na kukatika, kwa hiyo usiifanye mchezo.

Kabla ya kunyoa, izamishe mashine kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi, iache ikauke. Usinyoe kitako kikiwa kimelegezwa. Wapo wanaofanya hivyo ili makali yachomoze zaidi, lakini hapo wembe haujabanwa.

Huenda utataka kuipaka nikeli upya. Kwa ile ya vipande vitatu ni kazi rahisi, kila kipande kinaingia peke yake kwenye beseni la fundi wa kupaka. Kwa ya milango lazima pini zitolewe na kugongewa upya, na hesi zilindwe zisijae nikeli. Kama imechubuka sehemu ndogo tu na inanyoa vizuri, mimi ningeiacha hivyo ilivyo.