Event Horizon: inapong'ara na inapoyumba

Ndugu, umeuliza kama Event Horizon, filamu ya kutisha ya angani ya 1997, inasifiwa bure. Hapana, nusu ya kwanza ni kali kweli. Chombo cha angani kilichopotea kinaibuka karibu na Neptune, na Sam Neill, anayeigiza mwanasayansi Dk. Weir, anaeleza jinsi kinavyosafiri kwa karatasi aliyoikunja na kuitoboa kwa kalamu. Sayansi ngumu, lakini unaielewa papo hapo. Korido za chombo na kile kiini cha injini yake kinachozunguka vinatisha hata kabla damu haijamwagika. Mwishoni ndipo inapoyumba. Toleo la awali la dakika kama 130 lilikatwa hadi 96, kwa hiyo Dk. Weir anabadilika ghafla mno, na hofu inageuka kuwa ngumi na milipuko. Vitu vinavyoelea, vilivyochorwa kwa kompyuta, navyo vimepitwa na wakati. Itazame gizani, sauti juu.